Jibu: Mandazi bila hamira wala nazi
Dada, umeuliza utapikaje mandazi bila hamira wala nazi. Hamira ikikosekana dukani mandazi yanapikika tu kwa beking pauda. Kwa vikombe 3 vya unga wa ngano tia beking pauda vijiko 2 vya chai, sukari, iliki na chumvi kidogo. Nazi umesema nayo hakuna, basi kandia mtindi; uchachu wake unasaidia unga kuumuka. Usikande sana, wala usiuache saa nzima kama wa hamira. Dakika 15 zinatosha, sukuma, kata. Jaribu mafuta kwa kidonge cha unga: kikikaa chini, moto bado, kikiibuka na mapovu, anza kukaanga. Ila usitegemee uwazi ndani kama ya mgahawani. Haya hujaa katikati, na kwa chai ya rangi mimi nayapenda zaidi.