Uliza Fundi: Mausi inanichelewesha kwenye VS Code

SWALI: Habari kaka fundi. Naandika JavaScript mwaka wa pili sasa, natumia VS Code, ile programu ya kuandikia kodi. Juzi nabadilisha variabo (jina linalobeba thamani kwenye kodi) inaitwa bei iwe beiRejareja, napita moja moja na mausi kama nachambua mchele, mwenzangu akanisogeza pembeni, akabonyeza vitu viwili vitatu kamaliza. Nikimuuliza anacheka tu. Alifanyaje?
Mchambua mchele, Mwanza

JIBU: Huyo mchoyo tu mdogo wangu. Weka kishale kwenye neno bei, bonyeza Ctrl na D, neno linashikwa, bonyeza tena linashikwa linalofuata, endelea hivyo hivyo, halafu ukianza kuchapa yanabadilika yote kwa mpigo. Umefika kwenye moja hulitaki liguswe? Ctrl+K kisha Ctrl+D, linarukwa. Umepitiliza? Ctrl+U inakurudisha hatua moja. Hiyo ya kuruka wengi hawaijui, mimi mwenyewe nimekaa miaka naanza upya kila nikikosea, aibu lakini ndo hivyo.

Sasa angalia usije ukaumbuka. Ctrl+D inatazama herufi tu, maana haiijui. Mimi niliwahi kubadilisha neno hilo hilo la bei kwenye programu ya duka, nikashika mpaka maandishi ya risiti, mteja akaletewa karatasi imeandikwa “beiRejareja ya leo”, mwenye duka alinipigia saa mbili usiku. Kwa variabo tumia F2, unaandika jina jipya, Enter, basi. Yenyewe inafuata variabo hiyo tu, maandishi inayaacha, na kama kuna fanksheni nyingine, yaani kipande cha kodi chenye kazi yake, ina bei yake ya ndani nayo inaiacha. Kwa JavaScript ipo tayari, Python mpaka uweke ekstensheni yake, yaani kiongezo cha VS Code. Ukibonyeza F2 ukaona mwanga wa skrini au sauti ndo inabadilika, shikilia na Fn.

Ya nyongeza: Alt na mshale wa juu au chini inahamisha mstari mzima, hakuna kukata na kupaste. Mengine yatakuja yenyewe, usikariri orodha.

SWALI: Nimefuta fanksheni nzima nikaseivu na laptop nikazima, git, ile ya kutunza matoleo ya kodi, situmii. Nimekwisha?
Dada wa Morogoro

JIBU: Bado dada, pumua. Fungua faili hilo, kule kushoto kwenye orodha ya mafaili shuka chini kabisa utaona Timeline, ifungue. Tangu 2022 VS Code inatunza nakala kila ukiseivu, kawaida mpaka 50 kwa kila faili, bofya ya kabla hujafuta ukopi fanksheni yako. Hata faili lote likifutwa, Ctrl+Shift+P halafu andika Local History, chagua ile ya Find Entry to Restore. Ila nakala hizo zinakaa kwenye laptop yako hiyo hiyo, ikiibiwa zimeondoka nayo, kwa hiyo git anza leo jioni.