Muulize Ami: Gunia la msaada limeonekana sokoni

SWALI: Shikamoo Ami. Mimi nafanya kazi Changamwe ila kwetu ni Kinango na wazee wamenichagua katibu wa kamati ya chakula cha msaada. Juzi napita sokoni naona mahindi yanauzwa kwa zile gunia nyeupe zilizoandikwa si ya kuuzwa, mchana kweupe! Lori letu likija nifanye nini nisije nikaitwa mwizi na mimi?
Katibu mpya, Changamwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa cheo. Mimi nimekuwa karani wa godauni huku Shimanzi, gunia za msaada zikitoka Kilindini nazihesabu mimi, kwa hivo haya si ya kuhadithiwa.

Hilo la sokoni usilikimbilie kwanza. Gunia tupu lina bei yake, wauza makaa wanayagombania. Na hata kama ni mahindi ya msaada kweli, mara nyingi ni mama kauza kilo mbili tatu apate chumvi na pesa ya mashine ya kusaga, manake mahindi makavu huyatafuni hivo hivo. Ndo sababu kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma 2015 WFP, lile Shirika la Chakula Duniani, wakaanzisha Bamba Chakula, sehemu ya mgao ikawa inaingia kwa simu mtu anajinunulia dukani.

Wizi wenyewe uko pale mzigo unapobadilisha mikono. Mimi yalinikuta, lori liliingia usiku, dereva ana haraka, makuli wamechoka, nikamulika tochi nikahesabu safu za nje nikazidisha nikatia sahihi kwa weibili, ile karatasi ya mzigo, asubuhi tunapangua tunakuta katikati pana shimo kama kisima, gunia kumi na moja hazipo na sahihi ni yangu. Nilikatwa mshahara miezi mitatu, na dereva hata simu hakushika tena.

Kwa hivo hesabu gunia likiwa begani mwa kuli, usihesabu lori. Halafu chagua kadhaa upime, kuna vijana wanachoma bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka, ubavuni njiani, gunia linafika limeshonwa vizuri limeandikwa kilo 50 na ndani ziko 46. Pungufu iandike kwenye weibili hio hio na dereva atie sahihi hapo chini kabla hajawasha gari, na upige picha. Akikwambia "tutaongea na ofisi" mwambie ofisi itaisoma hapo.

Baada ya hapo ni kopo la kupimia mgao. Wataalamu wanapanga kwa kalori 2,100 mtu kwa siku lakini yote hayo yanaishia kwa mkono wa anayepakua, kopo likifutwa kwa kiganja na lingine likiachwa na kilima, mwisho wa foleni watu wanakosa. Waweke kina mama wapakue, na mgao wa siku hio uandike kwa kibao kikubwa watu wauone kabla hawajapanga foleni.

Majina pia. Kakuma na Dadaab wanatumia alama za vidole tangu 2013, nyinyi hamna mashine lakini mna baraza, soma orodha yote kwa sauti, ukifika kwa marehemu utasikia watu wanacheka.

Na mizani nenda na yako, ya kukopa kwa mwenye lori usiiguse.