Jibu: Mwangwi wa gitaa kwenye Arduino Uno

Ndugu, umeuliza kwa nini gitaa lako linatoa sauti nyembamba yenye mikwaruzo likipita kwenye Uno, ile bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu, na kama mwangwi wa nusu sekunde unawezekana humo.

Kabla ya kugusa kodi ya programu, kagua pale waya unapoingia. Pikapu ya gitaa, kile kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, hutoa mawimbi dhaifu ya umeme. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye pini, sauti za juu zinamezwa. Weka op-ampu (chipu ya kukuza mawimbi) kama TL072 mbele yake, ukinzani wa kuingilia uwe megaomu 1, na uilishe kwa betri ya volti 9. Kisha pitisha mawimbi kwenye kapasita (kijenzi kinachozuia umeme usiobadilika) na uyaegemeze kwenye volti 2.5, maana Uno haisomi chini ya sifuri. Nusu ya mikwaruzo yangu ilitoka hapo!

Kuhusu mwangwi, hesabu ya kumbukumbu ndiyo inayokata mzizi wa fitina. Kwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kila sekunde, za baiti 2 kila moja, nusu sekunde inadai baiti 44,100. Uno ina 2,048 tu. Distosheni, yaani ile sauti ya kukwaruza ya makusudi, utaipata, mwangwi wa maana hapana.

Mimi ningehamia Teensy 4.0, bodi kama Uno lakini yenye nguvu zaidi, pamoja na bodi yake ya sauti: megahezi 600, kumbukumbu ya kilobaiti 1,024, na maktaba yake huchakata sampuli 128 kwa mkupuo, yaani kama milisekunde 2.9. Ukipiga hutahisi kuchelewa. Ile op-ampu usiitupe, bado utaihitaji.