Kuwafundisha wageni viambishi vya mtendwa

Mwalimu mwenzangu, unasema wanafunzi wako Waingereza hapo Dodoma wamekariri jedwali lote la viambishi vya mtendwa, lakini wakifungua mdomo wanasema “ninaona yeye”. Ndivyo lugha yao ilivyowazoesha: Kiingereza humweka mtendwa baada ya kitenzi, sisi tunamweka ndani, kabla tu ya mzizi: ni-na-mw-ona.

Weka jedwali kando kwanza. Anza na watu peke yao: ni, ku, m, tu, wa. Kwa watu kiambishi hakikwepeki hata jina likitajwa: “nimemwona Asha”, si “nimeona Asha”. Tumia maswali mafupi. Umemwona mama? Ndiyo, nimemwona. Umewasalimu wageni? Bado sijawasalimu. Jibu lisirudie jina kabisa. Hapo ndipo kiambishi kinapata kazi. Usione vibaya kukaa hapo wiki nzima.

Vitu vije baadaye, ngeli mbili mbili. Wapeleke Soko la Majengo: zabibu, umezinunua? Kikapu, umekileta? Waeleze kwamba “nimenunua kikapu” ni kikapu chochote, ila “nimekinunua kikapu” ni kile tunachokijua tayari.

Kuna jambo walimu wengi huliruka, nami naliona kubwa: kitenzi hubeba kiambishi kimoja tu cha mtendwa. “Nimempa kitabu” yatosha. Wakijaribu kuchomeka na “ki” humo humo, wasahihishe papo hapo; makosa mengine yasubiri wamalize sentensi.