Dogo, usijaze kadi ya mzee kabla hujaiona ikisoma

Dogo, hapana. Usiandike "nina bima ya mzazi" kwenye hiyo fomu ya usajili wa chuo. Umeuliza mambo manne kuhusu jengo jipya la afya na ustawi wa wanafunzi hapo chuoni kwenu: jimu inafunguliwa saa ngapi, mshauri nasaha anatunza siri au la, usiku kuna daktari, na kama unaweza kujaza namba ya kadi ya mzee ili hela ya bima ununulie godoro. Nilipofika kwenye hilo la mwisho moyo ukanienda mbio.

Nilifanya hivyohivyo 2017. Bima ya NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa mwanafunzi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka mzima. Kwenye foleni ya usajili kaka mmoja wa mwaka wa tatu akaniambia, "Unatupa hela ya nini? Jaza kadi ya baba yako, hakuna anayekagua." Kweli hakuna aliyekagua. Nikanunua godoro, ndoo na pasi.

Mwezi wa pili wa muhula tumbo likaanza kuniuma kitovuni. Kufika jioni maumivu yamehamia chini kulia, hata mguu siwezi kuunyoosha. Zahanati ya chuo walinipokea vizuri, daktari akanibonyeza, akasema hiki ni kidole tumbo. Ila pale hawapasui. Nikaandikiwa rufaa, gari la wagonjwa likanipeleka hospitali kubwa, na dirishani ndipo nikaambiwa: kadi haisomi. Mtegemezi ana ukomo wa umri, na mimi nilishaupita miezi mitano nyuma. Mzee mwenyewe hakujua.

Saa tano usiku wenzangu wanagonga mlango kwa mlango hosteli, na boom, hela ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa limeshaisha kwa karibu kila mtu. Hela ya vipimo ikapatikana alfajiri. Ya upasuaji mama alituma kwenye simu asubuhi, baada ya kuuza mahindi aliyokuwa ameyaweka ya chakula mpaka Machi. Nilipoingia chumba cha upasuaji kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Siku tisa wodini, kidonda kinasafishwa kila asubuhi, majaribio mawili yamenipita.

Yule kaka wa foleni nilikuja kumkuta zahanati baadaye, ana kadi yake mwenyewe, mpya, yenye picha yake. Alikuwa amelipa! Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Na mtu asiniambie nilikuwa mtu mzima ningejihakikishia. Nina miaka hiyo, siku ya kwanza chuo, nitamwamini nani kama si aliyetangulia?

Hilo jengo lenu nimeliona kwenye picha uliyoweka, ni zuri, na nimefurahi wadogo zetu wamepata mahali pa kuzungumza na mtu wakielemewa. Muulize mtu wa mapokezi swali moja: chumba cha upasuaji kipo? Kama hakipo, ugonjwa mkubwa utakutoa nje ya geti, na huko nje wanaanza na kadi.

Kwa hiyo kesho, kabla hujashika kalamu, chukua kadi unayoitegemea, yenye jina lako, ipeleke dirisha la bima waiingize kwenye mfumo mbele yako. Uone kwa macho yako inasoma. Waulize na tarehe itakayofungwa. Ikikataa, omba namba ya malipo, ulipie bima ya mwanafunzi siku hiyohiyo. Godoro azima, mimi nitakutafutia.

Ukishatoka hapo dirishani rudi uandike wamekuambiaje.