Usiipashe moto hiyo bledi: kuchonga vichokonoo vya kufuli kwa mkono

Mkuu, zima hilo jiko. Umesema kesho unaiweka bledi ya msumeno wa chuma kwenye moto wa gesi mpaka iwe nyekundu, ilainike, ndipo uichonge kwa tupa upate kichokonoo chako cha kwanza, yaani kile kijichuma chembamba cha kufungulia kufuli bila ufunguo. Umeuliza pia unene, mshikio na kufuli la kuanzia. Hayo yasubiri.

Kichokonoo kinafanya kazi kwa sababu ni springi. Unakibonyeza kwenye pini, vile vijiti vidogo vya ndani ya kufuli vinavyosukumwa na ufunguo, kinapinda kidogo, kinarudi. Ukikipasha mpaka kiwe chekundu na kukiacha kipoe taratibu, kule kurudi kumekwisha. Ukikutana na pini iliyokaza, ncha inakunjika ndani ya tundu la ufunguo. Ukiivuta kwa nguvu inakatikia humo, na kufuli limeharibika. Nimepitia hapo, ndiyo maana naandika kwa hasira.

Hasira yenyewe ni kwa hawa wa video. Wanapasha, wanachonga dakika tatu, wanaonyesha kinavyong'aa, basi. Hakuna anayekipinda mbele yako tuone kama kinarudi. Wengine wanakuambia "utakigumisha tena baadaye". Kitu chenye unene wa milimita 0.6! Ukikichovya majini kikiwa chekundu kinajikunja kama jani kavu, na kinakuwa cha kuvunjika kama kioo mpaka ukipashe tena karibu nyuzi 300 za Selsiasi, kwa usawa, urefu wote. Jiko la nyumbani halikupi usawa huo. Vibapa vya waipa, vile vyuma vyembamba vya ndani ya mpira wa waipa za gari ambavyo wengine huvichonga badala ya bledi, ndiyo balaa zaidi: vingi ni chuma kisichoshika kutu, kilichopata ugumu kwa kubanwa kwenye rola kikiwa baridi. Moto ukiutoa ugumu huo, hakuna maji wala mafuta yatakayourudisha.

Kanuni ni hii: chuma kisipate joto kuliko vidole vyako vinavyoweza kuvumilia. Chora umbo kwenye karatasi, libandike juu ya chuma kwa supagluu, saga kwa grinda. Shika kwa vidole vitupu. Glavu haitakiwi karibu na jiwe linalozunguka, na pia itakuficha joto. Miwani ya kazi ni lazima. Gusa jiwe sekunde moja au mbili, chovya kwenye kopo la maji, rudia. Vidole vikianza kuungua umechelewa kuchovya. Ncha ndiyo inayowahi kuungua, kwa kuwa ni nyembamba na joto halina pa kukimbilia, kwa hiyo iache iwe ya mwisho: shina kwanza, ncha baadaye. Hatua za mwisho fanya kwa tupa ndogo ya almasi, kipande kikiwa kimebanwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani. Tupa ya kawaida inateleza tu juu ya chuma kigumu, na hapo ndipo watu wanapokimbilia jiko.

Angalia rangi inayojitokeza juu ya chuma kikipata joto. Kwenye chuma cha kaboni, njano ya nyasi kavu ni kama nyuzi 230, bado uko salama. Zambarau ni karibu 280. Bluu ni karibu 300, na hapo ndipo mpaka wa joto ambalo springi nyingi huvumilia bila kulainika. Bluu ikipauka kuelekea kijivu, umevuka. Usiisugue kwa msasa ukadhani umepona: msasa unaondoa rangi, ulaini unabaki ndani. Kata sehemu yote iliyopauka, chonga ncha mpya nyuma yake. Chuma kisichoshika kutu kinachelewa kubadilika rangi, kwa hiyo huko usingoje macho, amini vidole.

Unene: milimita 0.5 hadi 0.6. Bledi nyingi za msumeno ni kama 0.63, zinatosha kwa makufuli yenye tundu pana. Fila geji, vile vibapa vya kupimia nafasi ya valvu, zinakuja na unene umeandikwa kabisa, ni chuma kizuri. Ukichukua bledi, ipinde kwanza ukiwa umevaa miwani: inayokatika pwa ni ngumu yote, iache, inayopinda na kurudi ina mgongo wa springi, saga meno yote uyatoe.

Maliza kwa msasa wa maji namba 400, kisha 600, kisha 1000, ukisugua kufuata urefu. Mikwaruzo ya kukata upana ndiyo mahali ufa unapoanzia. Kisha, kabla hujakiingiza kwenye kufuli lolote, na liwe lako, lisilofunga mlango unaotumika, bana ncha kwenye jiliwa na upinde shina kiasi cha nyuzi 30. Achia. Likibaki limepinda hata kidogo, usikiingize.