Hisa ya shilingi 400 na ya shilingi 5,000, ipi rahisi?

SWALI: Nipo Tabata, nimepokea milioni tatu za upatu. Shemeji ananishauri ninunue hisa zinazouzwa shilingi 400, eti za shilingi 5,000 ni ghali na hazina pa kupanda tena. Mimi nilikuwa nawaza vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Nipime vipi?

JIBU: Bei ya hisa moja, peke yake, haikwambii kitu. Tafuta faida kwa kila hisa kwenye taarifa za fedha za kampuni (benki huzitoa magazetini kila robo mwaka), kisha gawanya bei kwa faida ya mwaka mzima. Tuseme hisa ya 400 inaingiza shilingi 20 kwa mwaka: umelipa mara 20 ya faida. Ya 5,000 ikiingiza 1,000, umelipa mara tano tu. Hapo rahisi ni ya 5,000, shemeji apende asipende.

Ila rudi nyuma miaka minne mitano uone faida ilitoka wapi. Kampuni ikiuza jengo lake, faida ya mwaka huo hupaa na hesabu yako hukudanganya. Na hiyo mara tano huenda ni kwa sababu wanaoijua kampuni wanaikimbia. Gawio nalo, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, lipige hesabu baada ya kodi ya zuio (hukatwa kabla hujalipwa), asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE).

Wengi hapa mjini huuliza namna ya kununua, wachache huuliza namna ya kuuza. Soko letu lilianza mauzo mwaka 1998 na bado wanunuzi ni wachache. Zipo hisa zinazopitisha siku kadhaa hata moja haijauzwa. Bei unayoiona ni ya mauzo ya mwisho tu. Mwulize dalali zimeuzwa hisa ngapi mwezi mzima.

Vipande vina mtego uleule: cha shilingi 150 si rahisi kuliko cha 1,000. Tazama thamani imekua kwa asilimia ngapi kwa mwaka, fedha zimewekwa wapi, na ukitoka unakatwa kiasi gani. UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayosimamia mifuko ya namna hii, hutangaza thamani hiyo kila siku ya kazi, kwa hiyo hesabu ni yako. Mfuko wa hatifungani (mikopo inayolipwa kwa riba) ulinganishe na hatifungani za Serikali, usiupambanishe na mfuko wao wa Umoja ambao una hisa ndani yake.

Kama ndani ya milioni hizo kuna ada ya shule ya Januari, hiyo usiinunulie hisa kabisa.